Kigari cha Karanga: shajara ya mradi, Moshi

Mwisho wa Januari

Mradi ni huu: kumtengenezea Karanga kigari cha kubeba kiuno na miguu ya nyuma, na kumfanyisha mazoezi mpaka ijulikane kama miguu ile itarudi au ndiyo basi. Karanga ni mbwa koko, jike, rangi ya karanga zilizokaangwa, ncha ya sikio la kushoto haipo. Pikipiki ilimgonga jioni upande wa Pasua. Akajiburuta kwa miguu ya mbele hadi chini ya meza ya mama muuza mihogo, na asubuhi yake ndipo nilipomkuta hapo, watu wamemzunguka wakibishana nani amwondoe.

Mimi ni fundi cherehani, baraza langu liko Majengo. Udaktari wa mifugo sina. Nina mkono wa kushona, nina uwanja nyuma ya nyumba, na nina binti ninayemfundisha kazi. Naandika haya ili mwingine akikutana na mnyama wa namna hii apate pa kuanzia.

Kabla ya huruma, tahadhari. Daktari wa mifugo niliyempigia simu alinikataza kumshika Karanga kwa mikono mitupu. "Mama, mbwa usiyemjua, hawezi kusimama, usiamini haraka kwamba ni ajali tu. Kichaa cha mbwa kipo cha ukali na kipo cha kupooza." Kwenye kile cha kupooza mbwa hana fujo yoyote. Taya linalegea, mate yanachuruzika, kumeza kunamshinda, na mtu mwenye roho nzuri anadhani amekwamwa na mfupa, anaingiza mkono mdomoni. Kwa hiyo Karanga alikuja kwa mkokoteni akiwa amezungushiwa blanketi nene, mimi nimevaa glavu za mpira, akawekwa kwenye banda la kuku lisilo na kuku. Siku 10 za kuangaliwa. Muda huo una sababu: mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi vya kichaa huonyesha dalili na kufa ndani ya siku hizo.

Hapa naomba msomaji asiruke. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wanaupata kwa mbwa. Anayetaka kusaidia mbwa wa mitaani aanze kwa kulijua hilo.

Februari

Siku za kuangaliwa zimekwisha. Anakula, anakunywa, taya liko imara. Daktari amekuja mwenyewe.

Kipimo alichofanya hakihitaji mashine. Alishika kidole cha mguu wa nyuma wa kulia kwa koleo dogo, akabana. Mguu ukajivuta. Binti akapiga makofi, "Anasikia!" Daktari akatikisa kichwa. "Huo ni mguu unaojijibu wenyewe. Habari inafika kwenye uti wa mgongo, inageukia hapohapo. Nyie tazameni kichwa." Akabana tena, safari hii kwa nguvu ya kufika kwenye mfupa. Mguu ukajivuta vilevile, na Karanga akaendelea kuwatazama kuku wa jirani kama kawaida. Daktari akahamia mguu wa kushoto, kidole cha kati, akabana. Karanga akawaacha wale kuku. Akageuza shingo taratibu, akalitazama lile koleo, akatoa mlio mfupi wa puani.

"Hapo," daktari akasema, akaachia.

Maelezo yake ni haya. Shingo ikigeuka, ujue maumivu yamepanda mpaka kwenye ubongo, na kama maumivu yanapita basi kuna njia iliyobaki nzima ndani ya uti wa mgongo. Mbwa aliyeumia mgongo kwa kugongwa, akawa hasikii kabisa maumivu ya kina, nafasi yake ya kutembea tena ni ndogo mno. Anayesikia ana nafasi nzuri zaidi, ingawa hakuna wa kumtolea dhamana. Eksirei imeonyesha mifupa ya mgongo haijahama. Zaidi ya hapo, daktari anasema, tutaongozwa na mbwa mwenyewe.

Majirani wengi wanashauri achomwe sindano apumzike. Siwaoni kuwa wakatili. Baadhi yao ndio waliompelekea maji chini ya ile meza. Nilimuuliza daktari waziwazi, naye akanipa maswali ya kujiuliza kila wiki: anakula? Anajali kinachoendelea karibu yake? Maumivu yanatulizika? Anaweza kukaa mkavu na msafi kwa uangalizi ninaoweza kuutoa kweli, siyo ninaoutamani? Majibu yakianza kuwa hapana mfululizo, sindano ndiyo wema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na mimi naona kumlazimisha aendelee kuishi ili roho yangu isisononeke ni mateso pia. Nimeyaandika maswali yale kwa chaki ukutani, juu ya cherehani.

Februari, uangalizi wa kila siku

Kazi kubwa ya mbwa aliyepooza ni mkojo. Kibofu hakijui kujifungua, na mkojo ukikaa unaoza, figo zinaingia matatani. Lazima akamuliwe, asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Unamsimamisha ukiwa umemshikilia kiuno, unaweka viganja pande mbili za tumbo la chini, mbele kidogo ya mapaja, unapapasa mpaka usikie kitu mviringo kama puto lenye maji. Unabana polepole, kwa kiganja na si kwa ncha za vidole, ukielekeza nguvu nyuma kwenye mkia. Ukitoka mkondo, unashikilia hivyohivyo mpaka uishe. Kwa mara ya kwanza uelekezwe na daktari ukiwa umesimama naye, maana kibofu kilichojaa sana kinaweza kupasuka.

Kisha vidonda vya kulalia. Tumemkatia sponji nene ya godoro, juu yake nailoni, juu ya nailoni kanga kuukuu zinazofuliwa kila siku. Kila baada ya saa chache anageuzwa ubavu. Pampasi tumemvalisha usiku tu, na nazo zinabadilishwa zikilowa, kwa sababu mkojo unaunguza ngozi ya mapaja haraka kuliko mtu anavyodhani.

Mazoezi: tunashika mguu, tunaukunja na kuunyoosha taratibu kwenye kila kiungo, kisha tunauzungusha kama anayeendesha baiskeli. Halafu kanga iliyokunjwa mara mbili inapitishwa chini ya tumbo, mtu mmoja anainua kiuno, miguu ya mbele inafanya kazi.

Daktari aliniandikia ratiba ya mazoezi, nami nikaibandika ukutani chini ya yale maswali. Karanga ana yake. Saa tisa alasiri, watoto wa shule ya msingi wakianza kupita nje, anajiinua kwa miguu ya mbele na kuelekea getini. Anaburuta kiuno, anafika nusu ya uwanja, anaanguka ubavu. Halii. Analamba mguu wa mbele, anatazama barabarani, anajaribu tena. Akichoka anaacha, na anaacha kwelikweli: kichwa chini, macho yamefumba, usingizi. Hakuna kuhema kwa hasira wala kuzunguka pale alipoishia. Kesho saa tisa anaanza tena, kwa hamu ileile ya jana.

Nimelitazama hili kwa siku nyingi sasa na limenifanya nifikirie upya neno uvumilivu lilivyozoeleka kwetu. Tumelelewa kumsifu anayekaza meno, asiyepumzika, anayeshona usiku kucha sikukuu ikikaribia mpaka macho yanamtoka. Huyu mbwa hakazi chochote. Anapumzika mapema, na labda ndiyo sababu kesho yake anaweza kuanza.

Ratiba ya daktari nimeihamisha. Zoezi kubwa sasa ni saa tisa, kuelekea getini, kwa sababu huko ndiko anakotaka kwenda. Daktari amekubali bila ubishi.

Machi, vipimo

Karanga amechukuliwa vipimo kama mteja mwingine yeyote, na kwenye daftari la wateja ana ukurasa wake. Urefu kutoka bega hadi shina la mkia. Kimo cha kiuno kutoka chini, akiwa ameinuliwa kwa kanga na miguu ya mbele imesimama wima. Upana wa nyonga, na nafasi ya vidole viwili kila upande. Mzunguko wa kifua nyuma ya makwapa. Mzunguko wa kila paja, juu kabisa, kwa sababu pete za kushikilia mapaja ndizo zitakazobeba kazi.

Uzito tulipata Mbuyuni kwa muuza mahindi. Binti alipanda kwenye mizani amempakata Karanga, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Kilo 13. Mbwa akisimama sawasawa, karibu asilimia 60 ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele na 40 nyuma, kwa hiyo kigari kitabeba kilo tano na ushee. Bomba la plastiki la robo tatu inchi linatosha, pamoja na elbo, tii na gundi yake. Magurudumu tumetoa kwenye kigari cha mtoto tulichokiokota Memorial kwenye mitumba, kitambaa kimeoza lakini beringi nzima.

Fremu nilipeleka kwa mzee fundi baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Leo umeleta baiskeli ya nani?"

"Ya mbwa, mzee. Amepooza nyuma."

Aliishika fremu, akaizungusha, akaitazama kwa kuilaza upande. Nilitegemea maneno. Akauliza, "Sasa huyu atakojolea wapi?" Nyuma nilikuwa nimepanga bomba la kukatiza ili fremu isitanuke. Mzee akalisogeza likapita juu ya mkia kwa upinde, nyuma kukabaki wazi. Swali moja la fundi mzuri.

Kingine alichonifundisha ni mahali pa ekseli. Ikikaa nyuma sana ya nyonga, uzito unalalia mabega na mbwa anachoka shingo. Ikisogea mbele kupita nyonga, kigari kinataka kubinukia nyuma na mkanda wa kifua unampandisha kwapani. Unatafuta mahali ambapo ukiinua ncha za mbele za fremu kwa kidole kimoja, mbwa akiwa ndani, unasikia uzito mdogo tu unaoshuka. Kwa kuwa mahali hapo hapajulikani mpaka mbwa aingie, mzee alitoboa matundu matatu kwenye chuma bapa ili ekseli ihamishike kwa nati. Hakutaka pesa ya kutoboa. Alitaka kumwona mbwa.

Aprili

Masika. Uwanja wote tope, na udongo wa huku unanata ukilowa. Magurudumu ya kigari cha mtoto yanazama na kusimama. Tumepata ya baiskeli ya mtoto, inchi 12, mapana kidogo, na ekseli imerefushwa ili kigari kisipinduke akikata kona.

Tatizo la Aprili halikuwa magurudumu lakini. Tulipomfunga Karanga ndani ya kigari aliganda. Masikio nyuma, mkia chini, hatua hakuna. Tulimwita, tukamwonyesha utumbo wa kuku wa kuchemsha, akautazama tu. Mbwa aliyekuwa akiburuza kiuno chake kwa hiari kwenda getini, sasa miguu ina magurudumu na hataki kusogea.

Nikakumbuka panya wa Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Hakuna panya anayezaliwa na hamu ya kutafuta baruti. Wanakata kazi vipande vidogo sana. Panya anazoeshwa kwanza kwamba mlio mmoja mdogo maana yake chakula kinakuja. Kisha analipwa kwa kusogelea harufu, kisha kwa kukaa juu yake muda mfupi, kisha mrefu zaidi. Mlio unamwambia papo hapo kwamba hicho alichofanya sekunde hii ndicho.

Sina kifaa cha mlio, nina ulimi. Nikapiga kidoko kwa ulimi, dagaa mmoja. Nikapiga kidoko, dagaa. Baada ya muda akawa akisikia mlio anageuka mwenyewe. Tukaweka kigari kitupu uwanjani: akikitazama, mlio na dagaa. Akikinusa, mlio na dagaa. Akiingiza kichwa kati ya mabomba, hivyohivyo. Halafu mkanda mmoja bila kufunga. Halafu kufunga na kufungua hapohapo. Dagaa wameliwa wengi, na ninafurahi hawakuwa sangara.

Na kila mara yeye ndiye aliyeamua mwisho wa somo. Akishatosheka anageuza kichwa pembeni na kulala. Binti alitaka mara moja tuendelee kidogo, "Mama, alikuwa karibu kabisa." Nikamwambia tuache hapo akiwa bado anakipenda kigari. Kesho yake akaanzia mbele ya pale alipoishia, na hilo limejirudia kiasi kwamba siwezi kuliita bahati.

Aprili, mwishoni

Mvua imekatika alasiri. Saa tisa, sauti za watoto nje. Karanga yuko ndani ya kigari, mkanda umefungwa, sina hata dagaa mkononi. Aliondoka. Hakwenda taratibu wala hakunitazama; alikwenda getini kama mbwa mwenye safari, tope linaruka, gurudumu la kulia linapiga mlio. Watoto wakapiga kelele, naye akasimama pale anatingisha kichwa na mabega kwa sababu mkia bado haujui kutingishika.

Ekseli: tundu la katikati.

Mei

Mkanda wa kifua umemchubua kwapa la kushoto. Kigari kimesimama mpaka pakauke.

Hili ni eneo langu la kazi, basi nieleze. Mkanda wa begi ukiushona peke yake una kingo kali, na mbwa anapotembea kwapa linasuguana nao kila hatua. Suluhisho ni kuupanua na kuuzungushia: jinzi kuukuu nje, sponji nyembamba katikati, na upande wa ngozi flana. Mshono usikae kwenye ukingo. Ugeuzwe uangalie nje, upinduliwe na kupigiwa mstari juu. Sindano namba 18, uzi mnene, mwendo wa taratibu kwa mkono wa gurudumu pale tabaka zinapokutana, la sivyo sindano inakatika. Velkro haifai hapa, inajaa manyoya na tope. Tumetumia vishikizo vya begi vinavyobana kwa kidole.

Kazi yenyewe nimempa binti. Amekuwa na wakati mgumu tangu mwaka jana na kola ya shati; kila akifumua anaona aibu, anakaa kimya siku nzima, na mwezi wa pili aliniambia labda kazi hii si yake. Sikumhubiria kuhusu Karanga. Nilimpa mkanda kwa sababu ninahitaji mkanda. Wa kwanza ulikuwa mfupi kifuani. Akaufumua. Uliofuata ulipinda. Akaufumua, akaenda kumkamua Karanga mkojo kama zamu yake ilivyo, akarudi na kukaa tena kwenye mashine. Nimeona kwamba sasa anainuka kabla ya kukasirika, na akirudi mkono umetulia. Mkanda uliopo leo kwenye kigari ni wake, na kingo zake ni safi kuliko nilizokuwa nikishona mimi nikiwa na umri wake.

Kigari kina masharti pia, nayaandika kwa ajili ya atakayeiga. Mwanzoni dakika tano hadi kumi, kisha kuongeza. Mbwa hawezi kulala akiwa ndani, kwa hiyo asiachwe peke yake humo. Akitolewa, kagua kwapa, mapaja na vidole. Na kigari hakifuti mazoezi ya miguu. Kinampa mwili na akili kazi wakati miguu inasubiriwa.

Juni na Julai

Baridi. Asubuhi mawingu yamefunika mlima wote na viungo vya Karanga vimekakamaa, anahitaji kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto kabla ya kunyooshwa. Mazoezi yamepungua. Sijajilaumu kwa hilo, wala yeye.

Mguu wa kushoto umeanza kazi. Kwanza ulikuwa unasukuma tukimkanda, kama anayekataa. Kisha siku moja akiwa amening'inia kwenye kanga niliona unyayo unatua chini kwa kukanyaga, si kwa mgongo wa vidole. Kwa mbwa aliyepooza hiyo ni habari kubwa: kukunja unyayo chini na kukanyagia mgongo wa vidole ni dalili kwamba hajui mguu wake uko wapi. Nilimkunjia unyayo kwa makusudi. Akaugeuza mwenyewe, polepole, ukakaa sawa. Wa kulia niliukunja ukabaki umekunjwa.

Mkia unatingishika, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Bibi wa nyumba ya tatu amekuwa akituletea makoko ya ubwabwa na mifupa ya samaki iliyochujwa. Yeye ni Mwislamu mshika dini, mbwa hamgusi, na bakuli analiweka juu ya ukuta. Nilimshukuru nikamwambia, "Bibi, na wewe hupendi mbwa." Akanijibu kwamba kutomgusa hakumzuii kumhurumia. Akanisimulia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani kunywa, akapanda akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka tena, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakiuma kwa meno ili mikono imsaidie kupanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. "Alishuka mara ya pili, mjukuu wangu. Yeye kiu yake ilikuwa imeshakwisha." Sikuwa nimewahi kuisikia ikielezwa kwa kusisitiza pale.

Agosti

Daktari amerudia kipimo cha koleo. Kushoto anageuza shingo mara moja na kulalamika. Kulia bado hasikii.

Lakini mguu wa kulia sasa unapiga hatua wakati mwingine, na hilo lilinichanganya, maana hausikii kitu. Daktari anasema ndani ya uti wa mgongo kuna mtandao wa neva unaoweza kuuendesha mguu kwa mpangilio wa kutembea bila amri ya ubongo, na kwamba mbwa wengine waliopoteza hisia kabisa hufikia kutembea hivyo, kwa kuyumba, hasa wakifanyishwa mazoezi ya kukanyaga mara nyingi. Zile hatua za kwenye kanga zote, miezi yote ile, ndizo zilizokuwa zikiufundisha uti wa mgongo.

Hali ya leo: bila kigari anaweza kusimama kwa muda, na kuvuka uwanja akiyumba, kwa mguu mmoja unaojua na mmoja unaofuata. Mkojo anajitoa mwenyewe, hauishi wote, kwa hiyo tunamkamua asubuhi na usiku. Barabarani na sokoni anakwenda kwa kigari. Daktari haamini kwamba kulia kutarudi zaidi ya hapo. Maswali ya ukutani nimeyajibu tena, yote ndiyo.

Watu wananiuliza kama mradi umefanikiwa, wakitazama kigari. Wanatarajia ningesema ndiyo siku atakapokiacha. Mimi nahesabu kwamba anafika getini, na kwamba ameamua mwenyewe namna ya kufika. Siku nyingine anachagua kigari, anakwenda kusimama kando yake na kusubiri. Siku nyingine anaondoka bila hicho na kuanguka mara kadhaa njiani. Sijaona akipendelea njia ngumu kwa sababu ni ngumu.

Septemba

Kampeni ya chanjo imekuja mtaani, kama inavyofanyika mahali pengi kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Karanga alishachanjwa, lakini tulikwenda naye kwa kigari ili watoto wavutike kuleta mbwa wao, na wamevutika. Wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukatike mnyororo, na mbwa koko wasio na mwenyewe ndio wanaokosa. Vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu wamekubali kuwashika wale wanaowalisha mabaki pale kijiweni. Mmoja wao alinisimamisha baadaye na kusema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sasa nikiona mbwa barabarani napunguza mwendo." Nimeliandika hapa kwa sababu kwangu lina uzito kuliko kigari.

Kazi iliyobaki ni kiatu. Mguu wa kulia unakanyaga lakini hauinuki vya kutosha, na kucha mbili za kati zimesagika kwenye lami hadi karibu na nyama. Binti amekata kiatu kutoka tyubu ya baiskeli, ndani flana, mdomo wake una lastiki isiyobana. Kwenye udongo kinafanya kazi vizuri. Kwenye sakafu ya baraza kinanata mno, na mguu usiosikia ukinata mbwa anajikwaa. Tumejaribu kubandika kipande cha ngozi laini sehemu ya mbele tu, pale vidole vinapoburuzika, na kuacha mpira nyuma. Jumamosi daktari anapita. Nataka akione kikiwa mguuni na Karanga anatembea, aseme kama damu inazunguka sawasawa chini ya ile lastiki. Akikikubali, tunashona pea ya akiba, maana hiki cha kwanza ameshaanza kukitafuna.